Steringi Aliyekufa Mara Tano

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mjomba wangu alikuwa mhudumu wa mezani katika ile hoteli kubwa ya chini ya Mlima Kenya, nje kidogo ya Nanyuki. Mpaka leo husema mwenye hoteli alikuwa steringi wa Hollywood aitwaye William Holden, rafiki wa Rais Reagan, na kwamba alikufa kwa kuteleza kwenye zulia chumbani kwake. Sisi vijana tunamcheka. John Wayne tunamjua, Clint Eastwood tunamjua, huyu Holden hatumjui. Je, mjomba anatia chumvi? Na kama kweli alikuwa steringi mkubwa, mbona jina lake limezama? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza kamwombe mjomba radhi. Hoteli, Reagan, zulia, yote matatu ni kweli. Nitamsahihisha kidogo tu, tena kwa adabu: hoteli haikuwa ya Holden peke yake. Walikuwa watatu, yeye, tajiri wa mafuta wa Marekani aitwaye Ray Ryan, na mwenye benki wa Uswisi, Carl Hirschmann. Waliinunua Hoteli ya Mawingo mwaka 1959 wakaigeuza Mount Kenya Safari Club.

Na Reagan? Siku alipomwoa Nancy Davis, tarehe 4 Machi 1952, katika kanisa dogo la Studio City kule California, harusini hapakuwa na wageni ila wawili: Holden na mkewe. Holden alimsimamia bwana harusi, mkewe akamsimamia bibi harusi. Nancy mwenyewe alikuja kusimulia kwamba siku hiyo wasimamizi hao walikuwa wamenuniana, hata wakakaa pande mbili tofauti za kanisa. Huo ni urafiki wa kujuana mpaka jikoni. Zulia nitalifikia.

Swali lako la mwisho ndilo lililonikalisha chini. Mtu aliyekuwa namba moja Marekani kwa kuvuta watu sinema mwaka 1956, akiwapita wote, anazamaje hivi?

Jibu langu nitalitoa kwa lugha ya vibanda vya video. Sisi tuliokulia humo tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, kufungwa kamba relini, kutumbukizwa mtoni ndani ya gunia, lakini umelipa kiingilio ili umwone akitoka. Mtu akichelewa kuingia, swali lake la kwanza kwa jirani ni "steringi nani?", maana akishamjua ametulia, anajua pa kuweka moyo wake.

Sasa mchukue Holden. Mwaka 1950, katika Sunset Boulevard, ni maiti kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mwaka 1954, katika The Bridges at Toko-Ri, anauawa ndani ya mtaro wa maji machafu huko Korea. Mwaka uliofuata, katika Love Is a Many-Splendored Thing, ni mwandishi wa habari, na Korea inamla tena. Mwaka 1957 anafia mtoni katika The Bridge on the River Kwai. Mwaka 1969, katika The Wild Bunch, anafia Mexico ameshikilia bunduki ya rashasha. Hapo nimehesabu zile kubwa tu. Mtoto gani atarudi nyumbani akijifanya Holden uani? Wayne unaweza kumwigiza: unatembea kwa kuyumba, unakunja jicho, basi. Eastwood unatafuna kijiti. Holden hana cha kuigiza. Hana mwendo wake, hana kofia yake, hana sauti ya kuchekesha watu. Ana uso mzuri wa kijana wa jirani, na nyuma ya uso huo kuna kitu kinachoona aibu. Hicho hakiigiziki, na ndicho kilichomfanya mkubwa.

Jina lake la kuzaliwa ni William Franklin Beedle Mdogo. Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 katika mji wa O'Fallon, Illinois, baba mkemia wa viwandani, mama mwalimu. Familia ilihamia South Pasadena, California, angali mtoto. Akiwa mwanafunzi wa chuo huko Pasadena alipewa nafasi katika mchezo wa jukwaani kuhusu Marie Curie. Akaigiza mzee, baba mkwe wa mama huyo. Mtu wa kampuni ya Paramount, kazi yake kutafuta vijana wenye sura, alikuwa kati ya watazamaji, akamtambua huyo kijana chini ya uzee aliopakwa. Kampuni ikamwandikisha kwa dola 50 kwa wiki na kumbadilisha jina. Enzi hizo studio ilikuwa na mwigizaji kama bwana alivyo na mtwana: ilimlipa kila wiki afanye kazi asifanye, ilimchagulia filamu, na ikitaka ilimkodisha kwa jirani.

Alipata filamu ya kwanza ya maana mwaka 1939, Golden Boy, kisa cha mpiga fidla anayegeuka bondia. Hakuwa na uzoefu, na siku za kwanza wakubwa wa Columbia, studio iliyoitengeneza filamu hiyo, walikwisha kuamua kumtimua. Aliyewazuia ni mwigizaji mwenzake wa kike, Barbara Stanwyck, ambaye tayari alikuwa nyota na hakuwa na sababu ya kujisumbua na mwanagenzi. Alikataa katakata. Jioni, wengine wakienda zao, alibaki naye akimfundisha mistari ya kesho. Holden alimpelekea maua kila mwaka siku ya kumbukumbu ya filamu ile. Mwaka 1978 wawili hao walitoka jukwaani kwenye tuzo za Oscar kutangaza mshindi wa sauti. Kabla ya kusoma majina, Holden alisita, akauambia ukumbi wote kwamba kama yuko pale ni kwa ajili ya mama aliyesimama pembeni yake. Haikuwa imeandikwa popote. Stanwyck alishikwa na mshangao, akamkumbatia. Nimeuona mkanda huo mara nyingi na sijafaulu kuutazama na macho makavu.

Miaka kumi iliyofuata Golden Boy haina mengi. Alipewa kijana mwema wa kutabasamu, filamu baada ya filamu, akaichoka sura hiyo yeye mwenyewe. Mwaka 1941 alimwoa mwigizaji Brenda Marshall, ambaye nyumbani aliitwa Ardis. Vita vilipokuja aliingia jeshi la anga, na huko akawekwa kwenye kitengo cha kutengeneza filamu za mafunzo. Mdogo wake, rubani wa ndege za kivita wa jeshi la majini, aliuawa Pasifiki mwanzoni mwa 1944. Miaka kumi baadaye Holden akavaa sare za rubani wa jeshi hilohilo katika ile Toko-Ri. Ukimwona ndani ya chumba cha rubani, kimya, akingoja kurushwa kutoka kwenye meli, kumbuka hilo.

Aliyemtoa kwenye tabasamu ni mwongozaji Billy Wilder, na hata huyo alimpata kwa bahati. Nafasi ya Sunset Boulevard ilikuwa ya Montgomery Clift, naye akajitoa siku chache kabla ya kazi kuanza. Holden alikuwa na miaka 31, bado ni mtu wa studio asiye na jina kubwa.

Filamu inaanza na bwawa la kuogelea, jumba la kifahari, alfajiri. Kijana yu kifudifudi juu ya maji, macho wazi, nasi tunamtazama kutoka chini kama samaki. Juu yake polisi na wapiga picha wanayumbayumba kwa mawimbi. Na sauti inayotusimulia ni ya maiti huyohuyo. Wanafunzi wangu huuliza waliizamishaje kamera. Hawakuizamisha. Waliweka kioo, kioo cha kawaida cha kujitazamia, chini ya maji, kamera ikakaa juu ikapiga taswira iliyo kiooni. Wilder alikuwa amepiga mwanzo mwingine kabla ya huo, maiti ndani ya chumba cha maiti wakihadithiana walivyokufa, lakini alipouonyesha kwa majaribio huko Evanston, Illinois, watu waliangua kicheko. Akaukata.

Kijana huyo ni mwandishi wa miswada aliyefilisika. Anakimbia watu wanaotaka kumnyang'anya gari, anaingia ua wa jumba la nyota wa zamani wa sinema zisizo na sauti, na hatoki tena. Mama wa jumba, Gloria Swanson, anamlisha, anamvisha, anamfanya wake. Kuna tukio moja la dukani, halifiki dakika mbili. Mama amempeleka akanunuliwe makoti. Muuzaji ameleta koti la kawaida na lingine la sufu ya vikunya, mnyama wa milima ya Amerika Kusini, ghali kupita kiasi. Kijana anasitasita. Muuzaji anamwinamia sikioni, karibu kumgusa, anamnong'oneza kwamba maadamu mama ndiye anayelipa, kwa nini asichukue la vikunya? Sasa mtazame Holden usoni. Hajibu, hakasiriki, hata nyusi hazipandi. Anageuka kidogo tu, na unaiona fedheha ikipanda kutoka kwenye kola. Mwigizaji mwingine angemkunjia muuzaji ngumi, sisi tukampigia makofi. Huyu anamezea, kisha anatembea na koti. Kwa lugha ya mtaani tungesema analelewa, na anajua sote tunajua.

Hapo ndipo alipopata mtu wake. Tangu siku hiyo kazi zake zote nzuri ni za mwanamume aliyejiuza kwa kitu fulani, anaijua bei yake, na njia ya kutoka anaiona. Ama atachelewa kutoka, kama huyu ambaye tayari alikuwa ameshika sanduku lake risasi zilipomfikia mgongoni, ama atakuwa ameshatoka halafu arudi.

Oscar aliipata kwa Stalag 17, ya Wilder tena, ya mwaka 1953. Humo ni Sefton, mfungwa wa vita katika kambi ya Wajerumani, mchuuzi wa kila kitu. Wenzake wawili wanatoroka usiku, yeye anaweka dau la sigara kwamba hawatafika mbali. Bunduki zinasikika. Banda zima limeganda, yeye anakusanya sigara zake. Asubuhi anakaanga yai, wenzake wakimtolea macho. Holden aliogopa kwamba watazamaji watamchukia, akamwomba Wilder amwekee walau sentensi moja ya kuwalaani Wajerumani. Wilder akakataa. Alikuwa sahihi. Yai lile limekaa vichwani mwa watu kuliko hotuba yoyote. Usiku wa tuzo, Machi 1954, muda wa televisheni ulikuwa unakwisha. Holden akapanda jukwaani, akasema asante, akashuka. Wanaopenda hotuba fupi humtaja hadi leo.

Baada ya hapo milango ilifunguka yote. Sabrina akiwa na Humphrey Bogart na Audrey Hepburn, mwaka 1954 (Bogart hakumpenda, na Holden alimpenda Hepburn kupita kiasi, tuyaache). Picnic mwaka 1955, ambamo yeye wa miaka 37 aliigiza kijana wa kuzurura na kucheza dansi na Kim Novak wa miaka 22. Alijua umri umempita na dansi ilimtia hofu kuliko kitu chochote, lakini hatua zile chache chini ya taa za karatasi ndizo akina mama wa Marekani walizomkumbukia. Mwaka uliofuata akawa yule namba moja niliyemtaja.

Nije kwenye pesa, maana Kenya inaanzia hapo. Kwa The Bridge on the River Kwai, iliyopigwa Ceylon chini ya David Lean, hakutaka mshahara tu. Alitaka asilimia 10 ya mapato ya filamu. Lakini kodi ya Marekani wakati huo, kwa kipato cha juu kabisa, ilifika asilimia 91. Ukilipwa milioni kwa mpigo, serikali inabeba karibu yote. Kwa hiyo mkataba ukasema asilipwe zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, zilizobaki zikae kwa Columbia. Ilionekana ni ujanja mkubwa. Kumbe filamu ikapasua dunia, ikazoa Oscar saba, fungu lake likavimba kuliko alivyoweza kulipunguza, na wakati yeye anapokea kijisehemu chake kila mwaka, zigo lenyewe limelala kwa studio. Nikiwafundisha vijana wetu kuhusu mikataba huanza na kisa hiki. Lakini haya ni matatizo ya tajiri, usimlilie sana: miaka miwili baadaye yeye na John Wayne walilipwa zaidi ya dola 700,000 kila mmoja kwa The Horse Soldiers, pesa isiyosikika zama hizo.

Katika Kwai anaigiza Shears, mfungwa anayejidai ni ofisa ili apewe afueni. Anatoroka, anafika hospitali nzuri ya Waingereza, ana mpenzi, ana kinywaji baridi mkononi. Waingereza wanagundua uongo wake wa vyeo, na kwa kumshika hapo wanamlazimisha arudi msituni kulipua daraja. Watu wengi humkumbuka Alec Guinness katika filamu hii, na ni haki yake, ndiye aliyepata Oscar. Mimi nikiirudia namtazama zaidi Holden njiani, akitembea kuelekea mahali alipoponea, na hakuna anayeona upuuzi wa safari ile ila yeye.

Mwaka 1959 alihamia Uswisi kukwepa kodi, na mwaka huohuo ndio wa Mawingo. Jumba lile lilijengwa miaka ya mwisho ya 1930 na mwanamke tajiri wa Marekani na mpenzi wake rubani Mfaransa, kisha likawa hoteli. Mstari wa ikweta unapita katika viwanja vyake. Chini ya akina Holden likawa klabu ya wakubwa wa dunia. Winston Churchill na Bing Crosby walikuwamo kwenye orodha ya wanachama.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya kumsifu huliruka. Fikiria mwaka wenyewe. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alikuwa amekamatwa hapo kwenu Nyeri mwaka 1956 na kunyongwa Februari 1957. Hali ya hatari iliondolewa rasmi Januari 1960. Kwa hiyo klabu hiyo ya mabilionea ilifunguliwa kwenye mteremko wa mlima ambao msitu wake ulikuwa ngome ya wapiganaji, sheria za hatari zingali zinafanya kazi, katika nchi ya juu ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki. Sidhani kama Holden alilifikiria hilo kwa kina. Alikuja kama wengi wa aina yake walivyokuja, na bunduki ya kuwinda.

Tofauti yake ni kwamba alibadilika. Ryan na Hirschmann walipenda klabu, yeye akapenda wanyama. Alipiga filamu huku, The Lion ya mwaka 1962, na aliporudi tena na tena alianza kuona idadi ya wanyama inapungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1967, pamoja na Don Hunt, mtangazaji wa televisheni kutoka Detroit, alianzisha shamba la wanyama lililopakana na klabu, Mount Kenya Game Ranch. Walikamata wanyama waliokuwa hatarini na kuwahamishia mahali salama, wakalea walioachwa yatima, na zaidi ya yote wakaanza kuzalisha bongo wa milimani. Sisemi Bongo ya Dar. Huyu ni mnyama wa msituni, jamaa ya kulungu, rangi ya udongo mwekundu, na milia myembamba myeupe inayomshuka ubavuni kama aliyemwagiwa chokaa. Ni mwoga hivi kwamba wazee walioishi kando ya msitu maisha yao yote wanaweza wasimwone. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, shamba lilikuwa na miaka kumi. Klabu yenyewe katika miaka hiyo ya 1970 iliuzwa kwa Adnan Khashoggi, mfanyabiashara wa silaha wa Saudia. Kama mjomba aliingia kazini baada ya hapo, mwenye nyumba alikuwa Khashoggi, ila Holden bado alikuwa jirani wa kudumu.

Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani waliletwa kwa ndege kwenye shamba hilo, na Machi 2022 wachache wa kizazi chao waliachiwa katika hifadhi iliyozungushiwa uzio msituni. Bongo wanaoishi porini wenyewe hawazidi mia moja.

Upande wa pili wa maisha yake ulikuwa mbaya, na sitauficha. Alikunywa. Alikunywa tangu ujana kuondoa hofu ya kamera, akanywa utu uzima bila kuhitaji sababu. Julai 1966 huko Italia, akiendesha gari la kasi akiwa amelewa, aligonga gari jingine na dereva wake akafa. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi minane, akaachiwa kwa masharti bila kukitumikia. Marafiki walisema hakupona tena rohoni. Mimi nasema aliyekosa kupona ni yule dereva. Lakini ni kweli pia kwamba uso ulioonekana baada ya hapo si ule wa Picnic. Umechimbika mifereji, macho yameingia ndani.

Na kwa uso huo akafanya kazi zake mbili bora za uzeeni. The Wild Bunch ya Sam Peckinpah ni majambazi waliozeeka mwaka 1913, dunia ina magari na wao bado wana farasi. Dhahabu wameshaipata, njia iko wazi, mwenzao mmoja amebaki mikononi mwa jenerali anayemtesa. Asubuhi Holden yuko chumbani kwa kahaba maskini mwenye mtoto mchanga. Anavaa shati taratibu. Anamtazama mwanamke, anatazama chupa, anazihesabu sarafu za kumlipa. Hakuna neno. Anakwenda mlango wa chumba cha pili walipo wenzake, anawaambia waende. Wanamwelewa, wanatabasamu, wanachukua bunduki. Filamu hii watu huitaja kwa damu ya dakika zinazofuata, na damu ni nyingi kweli. Mimi ningewapa wote hao dakika moja ya shati lile.

Ya pili ni Network ya 1976, ya mkuu wa habari wa televisheni anayeona kituo chake kikigeuka sarakasi. Aliteuliwa kwa Oscar mara ya tatu, akashindwa na mwenzake wa filamu hiyohiyo, Peter Finch, aliyekuwa amefariki miezi miwili kabla ya tuzo.

Sasa zulia. Tarehe 12 Novemba 1981, Holden, umri miaka 63, alikuwa peke yake katika nyumba yake ya ghorofani Santa Monica, amelewa. Aliteleza kwenye zulia dogo, paji la uso likagonga ukingo wa kimeza cha kando ya kitanda. Jeraha lilikuwa refu na lilivuja sana. Mchunguzi wa maiti wa Los Angeles, Thomas Noguchi, aliona karatasi za kufutia zilizojaa damu, akahitimisha kwamba alikuwa na fahamu kwa nusu saa hivi akijaribu kujifuta. Simu ilikuwa karibu. Hakupiga. Yaelekea hakujua ameumia kiasi gani. Maiti yake ilipatikana tarehe 16, siku nne baadaye. Aliacha wasia pasiwe na mazishi ya hadhara, majivu yake yakamwagwa baharini. Wilder alisema angeambiwa Holden ameuawa na nyati Kenya, au kwenye ajali ya ndege, asingeshangaa, lakini chupa na kimeza cha kitandani? Miezi michache baadaye, Stanwyck alipopewa Oscar ya heshima, maneno ya mwisho jukwaani alimpa yeye. Holden alikuwa amemtakia tuzo hiyo siku zote.

Mwaka 1982 mwigizaji Stefanie Powers, aliyekuwa mwenzi wake miaka ya mwisho, alianzisha wakfu kwa jina lake, na wakfu ukajenga kituo cha elimu karibu na Nanyuki ambako wanafunzi hupelekwa kujifunza habari za wanyama na misitu. Huenda hata wewe ulipelekwa na shule, ukala mkate wako pale chini ya mti, na ubao wenye jina la Holden hukuusoma.

Ukitaka kuanza, anza na Stalag 17, haina ugumu na inachekesha. Kisha Sunset Boulevard, usiku, taa zimezimwa. The Wild Bunch usiiangalie na watoto. Love Is a Many-Splendored Thing unaweza kuiacha, wimbo wake ni bora kuliko filamu. The Lion si kazi kubwa, lakini hiyo kaitazame na mjomba, mandhari atayatambua kabla hujayatambua wewe. Na ukipata nafasi muulize aliingia kazini mwaka gani, na kama wakati wake Holden alikuwa anakula pale ukumbini na wageni au alikuwa anapitia nyuma kwenda kwa wanyama. Niandikie atakachojibu.